Dai la Bima ya Simu Likikataliwa

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Bukura

 

Tunawashukuru kwa kuacha palizi na kuja. Tunajua hapa kwetu mvua haipigi hodi, na ikifika saa tisa kila mtu atakuwa anaangalia mawingu badala ya kutusikiliza. Kwa hivyo tutaingia katika jambo lenyewe mara moja.

Wazee wawili walituuliza pale nje: ofisi ya maendeleo ya kanisa ina haja gani na simu zilizovunjika? Si tungezungumza juu ya mbegu, au mbuzi wa maziwa? Ni swali zuri. Miaka ya nyuma mweka hazina wa kikundi alikuwa na kisanduku cha bati chenye kufuli, na ufunguo ulikaa kwa mtu mwingine. Tangu M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi 2007, kisanduku hicho kimehamia mfukoni mwa mtu mmoja. Michango inaingia kwa simu, mikopo inatoka kwa simu, hata habari za msiba tunazipata kwa simu. Na simu zenyewe siku hizi wengi wetu hatuzinunui kwa pesa taslimu. Mwaka 2020 Safaricom na Google walianzisha mpango ulioitwa Lipa Mdogo Mdogo, wakati huo mtu alitoa kitu kidogo mwanzoni, kisha akalipa shilingi 20 kila siku. Kampuni nyingine nazo zina mipango ya namna hiyo, na katika baadhi yake bima imefungwa humo humo ndani ya malipo. Mtu anaambiwa dukani, "Usijali mama, hii ina bima." Anaondoka na furaha. Karatasi haijasomwa na mtu.

Sasa tuwaambie kisa kimoja. Mwenyewe ametupa ruhusa, lakini hatutamtaja jina wala kikundi chake, na tunawaomba msianze kubahatisha.

Ni mama ambaye ni mweka hazina wa kikundi cha akiba na mikopo. Alichukua simu kwa mkopo Kakamega mjini, bima ya mwaka mmoja ikiwa ndani. Mwezi wa tano alikuwa anatoka soko la Bukura juu ya bodaboda. Barabara ilikuwa imelowa, pikipiki ikateleza, wakaanguka wote wawili. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyeumia zaidi ya michubuko. Lakini simu iliruka kutoka mfuko wa sweta, kioo kikapasuka kutoka pembe hadi pembe, na ilipookotwa pale topeni mvua ilikuwa imeshaipiga. Ilifanya kazi mpaka jioni. Usiku ikazima.

Kesho yake asubuhi alifanya jambo ambalo karibu kila mmoja wetu angefanya. Aliipeleka kwa fundi sokoni. Fundi akafungua skrubu, akaikausha, akapitisha brashi, akaunganisha chaji. Haikuamka. Akamrudishia, hata pesa hakuchukua.

Siku ya tatu mama akaja ofisini kwetu na fomu ya madai. Fomu ilikuwa kwa Kiingereza, kurasa mbili za maandishi madogo, na siku hiyo tulikuwa na watu wa bursari foleni mpaka nje. Mmoja wetu akashika kalamu. Kulikuwa na swali lililouliza kama simu imefunguliwa, kurekebishwa au kushughulikiwa na fundi yeyote asiyekubaliwa na kampuni. Sisi kwa haraka tukamwuliza kwa Kiswahili, "Mama, imetengenezwa?" Akajibu, "Hapana." Na alisema kweli. Haikuwa imetengenezwa, ilikuwa imekufa vilevile. Tukaandika hapana, akaweka sahihi, tukamwambia angoje.

Baada ya wiki mbili meseji ikaja kwa laini yake, ambayo alikuwa ameiweka katika simu ya mtoto wake. Dai lako limekataliwa kulingana na masharti ya bima. Hayo tu. Na meseji ya kumkumbusha malipo ya siku ikafuata chini yake, kwa sababu simu ya mkopo ikifa, deni haliifuati kaburini.

Kwenye kikundi mambo yakaharibika haraka. Wanachama wengine walidhani pesa ya kikundi imezama na simu. Hapa tusimame kidogo, maana jambo hili tumelikuta katika vikundi zaidi ya kimoja. Pesa ya M-Pesa haikai ndani ya simu. Inakaa katika akaunti ya ile laini. Simu ikivunjika, ikiibiwa, ikiungua, mwenye laini anakwenda na kitambulisho chake kwa wakala au duka la kampuni ya simu, anabadilishiwa laini, na salio lake liko pale pale. Kinachoweza kupotea ni zile picha, na yale mahesabu ambayo mtu aliandika ndani ya simu bila kuyaandika kwenye daftari. Kwa bahati mbaya mama yetu alikuwa ameandika mikopo ya miezi miwili ndani ya simu. Kwa hivyo pesa ilikuwepo, lakini nani anadaiwa ngapi haikujulikana vizuri. Maneno yakaanza. Mmoja akasema amekula. Mwingine akasema kama angekuwa mkweli bima ingemlipa. Mama akaacha kuja mikutanoni, na Jumapili mbili hatukumwona kanisani.

Tulipokwenda kumtembelea nyumbani alitukaribisha chai, akatuonyesha ile meseji. Akatuuliza, "Sasa wamekataa kwa sababu gani?" Hatukuwa na jibu. Tukaona aibu kwamba wiki nzima tulikuwa tunajua dai limekataliwa na hatukuwa tumeuliza swali hilo moja.

Basi hapo ndipo pa kuanzia. Kampuni ikisema masharti, uliza sharti lipi. Usiulize kwa simu peke yake, maana maneno ya simu hupeperuka. Andika barua fupi, au tuma kwa barua pepe kutoka saiba, useme: mimi fulani, namba yangu ya bima ni hii, nilidai tarehe hii, mmekataa tarehe hii, naomba mnieleze kwa maandishi sababu ya kukataa, mnionyeshe kifungu mnachotegemea, na mnitumie nakala kamili ya mkataba. Weka nakala yako, na tarehe uliyotuma. Hii si kuomba hisani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na kile alicholipia. Bima ni huduma, na umeilipia.

Majibu yalipokuja yalikuwa ya kurasa moja na nusu, na yalitaja mambo matatu. La kwanza, simu imeharibiwa na maji, na bima hii hailipi hasara ya maji. La pili, simu ilifunguliwa na fundi asiyekubaliwa, kwa maana skrubu zilikuwa na alama. La tatu, na hili ndilo lililotukata maini, mdai ametoa habari ya uongo kwenye fomu, na kwa hivyo kampuni ina haki ya kuifuta bima nzima.

Tulisoma sentensi hiyo mara mbili. Yule mama hakusema uongo. Swali la fomu lilihusu kufunguliwa na kushughulikiwa. Swali tulilomwuliza sisi lilihusu kutengenezwa. Kwa Kiswahili chetu cha hapa, ukimwambia mtu simu imetengenezwa, anaelewa kwamba imepona. Kalamu ilikuwa mkononi mwetu. Jina lililoitwa la uongo lilikuwa lake.

Tunalisema hili mbele yenu kwa sababu wengi wenu hapa ni makatibu, nanyi hujaza fomu za watu wengine: fomu za mbolea, fomu za hospitali, fomu za bima. Msomee mtu swali lote, neno kwa neno. Kama hulielewi, usilifupishe, uliza mwingine. Kisha msomee jibu lake kabla hajaweka sahihi, hata kama foleni imefika barabarani.

Sasa, je, kampuni ilikuwa na makosa yote? Hapana. Tuwe wakweli. Katika bima neno la mdai lina uzito mkubwa, maana mwenye kampuni hakuwepo barabarani siku ile. Anategemea unayomwambia. Ndiyo maana sheria ya bima inadai uaminifu wa hali ya juu. Lakini uaminifu huo una pande mbili, na hili watu wengi hawaambiwi. Kesi ambayo wanasheria huitaja mpaka leo juu ya jambo hili iliamuliwa Uingereza mwaka 1766, nayo ilikuwa ni ya dai lililokataliwa, kama hili letu. Bwana mmoja aliyeitwa Carter alikuwa gavana wa ngome ya Waingereza katika kisiwa cha Sumatra, kule ambako leo ni Indonesia. Aliweka bima ngome isije ikatekwa na maadui. Wafaransa wakaiteka mwaka 1760. Mwenye kutoa bima, Boehm, akakataa kulipa, akisema Carter alimficha jinsi ngome ilivyokuwa dhaifu. Jaji Mansfield akasema ni kweli kila upande una wajibu wa kutomficha mwenzake, lakini mtoa bima naye hawezi kupokea pesa akijua au akiweza kujua hatari yenyewe, halafu hasara ikitokea ndipo aanze kulalamika. Carter akashinda. Miaka zaidi ya 250 imepita, na ni kanuni hiyo hiyo inayotumika kwa simu ya mkopo ya Bukura, kwa vile sheria zetu za mikataba zilitokana na zile za Kiingereza.

Turudi kwa barua. Tuliketi na mama jioni mbili tukaandika jibu. Kwanza tukaeleza kosa la fomu, tukasema wazi kwamba ni letu, tukataja swali jinsi lilivyoandikwa na swali jinsi tulivyoliuliza. Tukasema simu ilifunguliwa, tarehe fulani, na nani. Fundi wetu wa sokoni, Mungu ambariki, aliandika kibarua cha mistari sita: simu aliipokea ikiwa imekufa, kioo kimepasuka, ndani kuna maji, aliikausha, hakubadilisha kitu. Kibarua hicho kilikuwa na nguvu kuliko barua yetu yote, maana kilionyesha kwamba aliyeifungua hakuiharibu. Mwenye bodaboda naye aliandika lake juu ya ajali.

Halafu tukaingia katika habari ya maji. Hapa tuwaombe msikilize vizuri, kwa sababu ndipo madai mengi ya simu yanapofia. Mkataba ulisema unalipa hasara ya ajali, kama vile kuanguka, lakini haulipi hasara ya maji. Sasa, simu imeanguka, imepasuka, na maji yameingia kupitia ule ufa. Hiyo ni hasara ya kuanguka au hasara ya maji? Katika mambo ya bima huulizwa chanzo chenyewe ni kipi, lile jambo lililoanza na kuyavuta mengine. Mti ukiangukia paa, na mvua ikaingia ikaloweka mahindi, huwezi kusema kilichobomoa nyumba ni mvua. Tuliandika hivyo, kwa maneno ya adabu. Tukaongeza kwamba kampuni inayotaka kutegemea sharti la kutolipa ndiyo inayopaswa kuonyesha kwamba sharti hilo linahusika, na kwamba maneno ya mkataba yenye maana mbili husomwa kwa kumfaa yule ambaye hakuyaandika. Hizo si hila zetu. Ni kanuni za siku nyingi mahakamani.

Lakini pia kuna mambo ambayo hayana ubishi, na mtu asipoteze nauli kuyapigania. Kama bima yako ilikuwa ya kioo tu na simu imeibiwa, hakuna cha kudai. Kama malipo yalikatika na bima ikafa kabla ya ajali, imekufa. Kama betri imechoka kwa uzee, bima hailipi uzee. Na tofautisheni bima na waranti. Waranti ni ahadi ya mtengenezaji au muuzaji kwamba simu haina kasoro ya kiwandani. Spika ikikata yenyewe bila kuanguka, hilo ni la waranti, nenda dukani na risiti. Ukiiangusha, waranti haikuhusu. Tumeona watu wakizungushwa miezi mitatu kati ya duka na kampuni ya bima kwa sababu walipeleka dai mlango usio wake, na kila mlango ukawaambia ukweli nusu.

Kabla hatujafika mwisho wa kisa cha mama, tuwape kingine kwa ufupi. Kijana mmoja wa bodaboda alivunja kioo siku ya Ijumaa. Kampuni ikakataa kwa sababu hakutoa taarifa ndani ya saa 48, maana fomu yake ilifika Jumatano. Lakini kijana huyu ana tabia nzuri, hafuti meseji. Ijumaa ile ile jioni alikuwa amepiga namba yao, akarudishiwa ujumbe wenye namba ya dai. Tuliandika barua ya nusu ukurasa tukiambatisha picha ya ule ujumbe wenye tarehe na saa. Wiki tatu baadaye alilipwa, wakikata kile kiasi ambacho mwenye bima hujilipia mwenyewe kwanza. Hakukuwa na kelele yoyote. Inaonekana hakuna mtu aliyekuwa ameangalia kumbukumbu zao wenyewe mara ya kwanza. Mara nyingi ni hivyo: dai la kwanza huangaliwa haraka haraka, la pili lenye ushahidi huangaliwa na mtu mwingine, mwenye muda.

Na kampuni ikikataa mara ya pili? Kuna Mamlaka ya Kudhibiti Bima, wengi wanaiita IRA, iliyo chini ya Sheria ya Bima, sura ya 487 ya sheria za Kenya. Ofisi zake kuu ziko Upper Hill, Nairobi, lakini huna haja ya kupanda basi, malalamiko hupokelewa kwa maandishi. Hulipi kitu. Watakachokuuliza kwanza ni kama umeilalamikia kampuni yenyewe na ilijibu nini, ndiyo maana tunasisitiza nakala za barua. Mamlaka hiyo pia hutoa orodha ya kampuni zenye leseni. Angalieni kama jina lililo kwenye karatasi yenu limo. Yule aliyekuuzia simu mara nyingi si mwenye bima, ni ajenti tu, na mwenye bima ametajwa chini kabisa kwa herufi ndogo. Kama hakuna kampuni ya bima iliyotajwa mahali popote, basi huenda ulichouziwa si bima bali ni ahadi ya duka, na hapo utasimama juu ya Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012.

Mlango mwingine ni Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2016, na mahakama ya kwanza ilianza kazi Nairobi mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Ukitaka kufika huko, mwulize karani wa mahakama mjini Kakamega akuonyeshe utaratibu. Muda wa kushtaki juu ya mkataba kwa kawaida ni miaka sita, lakini usikae. Mashahidi huhama, na meseji hufutika.

Maoni yetu ni kwamba simu ya shilingi elfu chache haifai kumaliza mbuzi wa mtu kwa nauli. Pimeni. Barua mbili na malalamiko kwa Mamlaka vinagharimu karatasi na muda. Mahakama ina ada, na ina siku zako za shamba.

Sasa mwisho wa kisa chetu. Majibu ya barua ya pili yalichukua karibu mwezi. Kampuni iliondoa lile neno la uongo, na bima haikufutwa. Kwa yule mama hilo lilikuwa kubwa kuliko simu yenyewe. Aliomba tumsomee aya hiyo kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili, akaikunja barua akaiweka ndani ya kitabu chake cha sala. Juu ya maji walishikilia msimamo wao: sehemu za ndani hawalipi. Lakini walikubali kwamba kioo kilivunjwa na kuanguka, wakasema watalipa thamani ya kioo, nayo itapunguza deni la simu.

Pamoja na barua hiyo kulikuwa na fomu ya kukubali, iliyosema hayo ni malipo kamili na ya mwisho. Muwe macho na maneno hayo. Ukiweka sahihi, umefunga mlango, hata kama kesho utapata ushahidi mpya. Safari hii tulimsomea kila neno, mara mbili, na yeye akaturudishia kwa maneno yake kile alichoelewa.

Sisi wa ofisi tulitaka kuendelea. Tulikuwa tumeshaanza kuandika barua ya Mamlaka, na tusifiche, tulikuwa tumepata joto la vita. Tuliona hoja ya ufa na maji ni nzuri, na bado tunaona hivyo. Mama alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nyinyi mnataka kushinda. Mimi nataka kulala." Deni lililobaki angeweza kulimaliza kwa kuku na mboga katika miezi michache. Kesi angeilipa kwa kuendelea kusemwa sokoni. Akaweka sahihi yake mwenyewe. Hatukuwa na haki ya kumzuia, simu haikuwa yetu.

Kilichobaki kilikuwa chetu. Tulikwenda kwenye mkutano wa kikundi chake, tukasimama, tukawaeleza wanachama swali tulilouliza na jibu tuliloandika. Palikuwa kimya. Baadaye mama mmoja mzee akauliza jambo ambalo hatukulitegemea. Akasema, "Na sisi tulipomnyima yule mjane pesa ya mazishi mwaka juzi, tulimwandikia sababu?" Hakuna aliyejibu. Ikabidi wafungue kitabu cha masharti ya chama chao cha mazishi, wakakuta hakuna mahali palipoandikwa kwamba anayenyimwa ataelezwa kwa nini, wala atakata rufani kwa nani. Walikaa mpaka jioni wakibishana juu ya kifungu hicho. Tuliondoka hawajamaliza, na mweka hazina ndiye aliyekuwa anaandika, kwa kalamu, katika daftari jipya la kurasa mia mbili.

Siku hizi ana simu ndogo ya vibonyezo. Ile ya kioo iko kabatini, na mtoto anamwambia iuzwe kwa fundi kwa ajili ya vipuri. Anasema bado anafikiria.

Haya, tumemaliza yetu. Tuliwaambia mje na karatasi zenu za simu, na tunaona wengine mmezileta. Kaeni wawili wawili, asiyesoma Kiingereza na anayesoma. Tafuteni kwanza jina la mwenye bima, halafu siku za kutoa taarifa, halafu yale yasiyolipiwa. Andikeni pia ile namba ya simu yenyewe yenye tarakimu 15, bonyezeni nyota, alama ya reli, sifuri sita, alama ya reli, itatokea. Iandikeni kwenye daftari, si ndani ya simu. Chai inakuja. Kijana wa jaketi la kijani, wewe uliyesema dai lako lilikataliwa juzi, njoo hapa mbele na hiyo meseji, tuanze na yako kabla mvua haijatukuta.